Picha Inapoganda: Namna King'amuzi Kinavyosahihisha Makosa ya Mawimbi

Mitambo ya televisheni ya analojia ilianza kuzimwa nchini Tanzania tarehe 31 Desemba 2012, Dar es Salaam ikiwa ya kwanza na miji mingine ikifuata mwaka uliofuata. Tangu wakati huo malalamiko ya watazamaji yamebadilika sura. Zamani mtu alisema picha yake ina chenga. Siku hizi husema picha imeganda, imekatika vipande vya miraba, au televisheni imeandika kwamba hakuna mawimbi, ilhali dakika moja kabla picha ilikuwa safi isiyo na doa.

Watazamaji wengi hudhani mara moja kwamba king'amuzi kimeharibika. Hununua kingine, au huuziwa kifaa cha kukuza mawimbi, maarufu kwa jina la busta, na tatizo likabaki pale pale. Fedha imekwenda, na ada ya mwezi inaendelea kuhesabika. Katika sura hii tunaeleza kinachotendeka kati ya mnara na sebule, kwa sababu mtumiaji anayekielewa hawezi kuuziwa dawa ya ugonjwa asio nao.

Neno huokoleka, tarakimu haiokoleki

Televisheni ya dijitali hairushi picha yenyewe hewani. Hurusha mfululizo mrefu wa tarakimu mbili tu, 0 na 1, ambazo kila moja huitwa biti, na king'amuzi huzikusanya na kujenga picha upya. Njiani biti hizo hukutana na mengi: cheche za plagi ya pikipiki, mashine ya kuchomelea vyuma, chaja na taa duni, radi, mwangwi wa mawimbi yanayogonga ukuta wa ghorofa na kurudi, na minara mingine inayotumia masafa ya jirani. Kila usumbufu wa aina hiyo waweza kuifanya 0 isomeke kuwa 1, au 1 kuwa 0.

Kosa dogo la namna hiyo lina uzito gani? Mtu akipigiwa simu katikati ya kelele za Kariakoo akasikia "nimefika stendi ya ma…si", atajua mara moja kwamba sehemu iliyomezwa ni ya neno "mabasi". Lugha ina ziada ya kutosha kuziba pengo. Lakini akisomewa namba ya kutumia fedha, na tarakimu moja ikapotea, hana njia ya kuikisia; tarakimu zote kumi zina haki sawa ya kukaa hapo. Ndiyo maana watu makini husoma namba mara mbili, na anayetaja kiasi cha fedha husema "elfu kumi na tano, yaani moja, tano, sifuri tatu". Maneno hayo ya ziada hayaleti habari mpya. Kazi yake ni kuilinda habari iliyokwisha kutolewa.

Misimbo ya kusahihisha makosa hufanya kazi iyo hiyo, ila kwa hesabu. Kurudia kila kitu mara mbili au tatu kungekuwa ghali mno, kwa kuwa masafa ya redio ni mali adimu. Yapo maarifa ya kupata ulinzi mkubwa kwa ziada ndogo, na mfano wake unapatikana katika daftari la duka.

Tuseme mwenye duka anamtumia mwenzake mauzo ya siku tatu, Jumatatu hadi Jumatano, kwa kilo. Mchele ni 4, 7 na 5. Unga ni 6, 3 na 8. Sukari ni 2, 9 na 1. Pamoja na namba hizo tisa anatuma jumla za kila bidhaa, yaani 16, 17 na 12, na jumla za kila siku, yaani 12, 19 na 14. Sasa karatasi imelowa, na unga wa Jumanne unasomeka 8 badala ya 3. Mpokeaji akijumlisha safu ya unga anapata 22, wakati jumla iliyotumwa ni 17. Akijumlisha safu ya Jumanne anapata 24 badala ya 19. Safu nyingine zote ziko sawa. Kosa basi liko mahali safu hizo mbili zinapokutana, na limezidi kwa 5. Anaondoa 5 kwenye 8, anapata 3, na daftari limepona bila yeye kupiga simu kuuliza.

Tutazame pia udhaifu wa daftari hilo, maana ndipo siri ya picha kuganda ilipo. Ikiwa mchele wa Jumatatu umeongezeka kwa 1 na wa Jumanne umepungua kwa 1, na wakati huohuo unga wa Jumatatu umepungua kwa 1 na wa Jumanne umeongezeka kwa 1, jumla zote zitalingana. Namba nne zina makosa, na mpokeaji ataapa kwamba hesabu iko sawa. Kila msimbo una idadi ya makosa unayoweza kuyabeba. Idadi hiyo ikipitwa, msimbo hauponyi tena, na mwingine hata haugundui kwamba kuna ugonjwa.

Waliofungua njia

Mwaka 1948 Mmarekani Claude Shannon alithibitisha kwa hesabu jambo lililowashangaza wahandisi wengi: kwamba kila njia ya mawasiliano yenye kelele ina kikomo chake cha kasi, na kwamba chini ya kikomo hicho makosa yanaweza kupunguzwa kadiri mtu apendavyo. Hakusema msimbo wenyewe utengenezwe vipi. Richard Hamming, aliyefanya kazi katika maabara zilezile za Bell, alikuwa akisumbuliwa na kompyuta iliyoacha kazi yake nzima kila ilipogundua kosa mwishoni mwa juma, wakati hakuna mtu wa kuihudumia. Alijiuliza: mashine inayojua kwamba pana kosa, kwa nini isijue pia kosa liko wapi? Mwaka 1950 alichapisha misimbo yake. Mmoja ulio maarufu hubeba biti 4 za habari na 3 za ulinzi, na husahihisha kosa moja popote litokeapo katika hizo saba.

Mwaka 1960 Irving Reed na Gustave Solomon walitoa msimbo unaofanya kazi kwa makundi ya biti badala ya biti mojamoja. Ndio uliotumika katika kizazi cha kwanza cha televisheni ya dijitali ya minarani: kila pakiti ya baiti 188 huongezewa baiti 16 za ulinzi, na mpokeaji aweza kusahihisha hadi baiti 8 zilizoharibika, popote zilipo. Msimbo huo ndio unaoiwezesha simu kusoma alama ya QR ya malipo iliyobanduka kona au kuchafuka mafuta juu ya meza ya muuza chipsi. Katika kiwango cha juu cha ulinzi, alama ya QR husomeka hata takriban asilimia 30 ya maudhui yake ikiwa imeharibika.

Kinachotendeka ndani ya king'amuzi

Kizazi cha pili cha televisheni ya dijitali ya minarani, kinachojulikana kwa jina la DVB-T2, ndicho kilichochukuliwa katika nchi nyingi za Afrika, zikiwemo za Afrika Mashariki. Humo hutumika misimbo miwili, mmoja ndani ya mwingine. Ule mkubwa ulibuniwa na Robert Gallager mwanzoni mwa miaka ya 1960, ukawekwa kando kwa zaidi ya miaka thelathini kwa sababu kompyuta za wakati huo hazikuweza kuubeba, kisha ukafufuliwa katika miaka ya 1990. Leo umo ndani ya king'amuzi cha bei ya chini kabisa.

Biti hufungwa katika mafungu ya 64,800. Mtoa huduma akichagua kiwango cha ulinzi cha theluthi mbili, biti 43,200 hubeba mzigo na 21,600 ni za ulinzi. Maana yake ni kwamba theluthi nzima ya kinachorushwa na mnara si picha wala sauti; ni zile jumla za pembeni za daftari, zilizopangwa kwa ustadi mkubwa zaidi. Kila biti ya ulinzi imefungamana na biti kadhaa zilizotawanyika ndani ya fungu.

King'amuzi hakiamui mara moja kwamba biti fulani ni 0 au 1. Kwanza huipa kila biti kiasi cha kuaminika: hii ni 1 bila shaka, ile huenda ni 0, ile nyingine haieleweki kabisa. Kisha hupitia zile jumla moja baada ya nyingine. Biti zenye uhakika huzisaidia zenye mashaka. Zilizosaidiwa nazo hupata nguvu ya kuwasaidia majirani zao. Mzunguko hurudiwa mara nyingi mpaka jumla zote zikubaliane. Ni kama wazee wa ukoo wanaojaribu kukumbuka nasaba: mmoja ana uhakika na jina moja, jina hilo linamkumbusha mwingine jina la pili, hatimaye orodha inakamilika. Makosa machache yanayosalia huachiwa msimbo wa pili, ambao kwa kiwango hicho cha theluthi mbili husahihisha hadi biti 10 katika kila fungu. Yote haya hurudiwa mara nyingi katika kila sekunde.

Usumbufu mwingi, hata hivyo, hauji kwa kunyunyiza. Huja kwa mkupuo: pikipiki inapita dirishani, na maelfu ya biti zilizofuatana zinapotea kwa pamoja. Kwa sababu hiyo mnara huchanganya mpangilio wa biti kabla ya kuzirusha, na king'amuzi huzirudisha mahali pake baada ya kuzipokea. Muuza mayai mwenye busara hayaweki mayai ya mteja mmoja yote katika trei moja. Trei ikianguka, kila mteja hupoteza mayai mawili matatu, na hakuna anayekosa yote. Vivyo hivyo mkupuo mmoja wa kelele hugawanyika kuwa makosa machache katika mafungu mengi, na kila fungu huyabeba yake.

Kwa nini hakuna onyo

Katika analojia kelele ilionekana ilivyo. Mawimbi yakipungua kidogo, chenga ziliongezeka kidogo, na mtu aliweza kutazama taarifa ya habari yenye chenga kwa miaka. Katika dijitali makosa yapo muda wote, hata sasa hivi picha ikiwa safi. Yanasahihishwa tu kabla hayajafika kwenye kioo. Nyumba iliyo karibu na mnara na nyumba iliyo ukingoni mwa eneo la huduma zote huona picha ileile kamilifu. Ya kwanza ina akiba kubwa ya uwezo wa kusahihisha. Ya pili imeitumia karibu yote. Mti wa mwembe ukichipua majani, au maji yakiingia kwenye kiungo cha kebo, nyumba ya pili huvuka ukingo, misimbo hushindwa kwa pamoja, na picha huvunjika miraba, huganda, au hutoweka. Kati ya picha safi na kukosa picha kabisa pana hatua fupi mno.

Kwa hiyo uzuri wa picha hauwezi kumwambia mtumiaji yuko umbali gani kutoka ukingoni. Kipo chombo kinachomwambia, nacho tayari amekwisha kukilipia. Ving'amuzi vilivyo vingi, katika menyu ya mipangilio, huonyesha mistari miwili: mmoja wa nguvu ya mawimbi na mwingine wa ubora wa mawimbi. Mafundi wengi hutazama wa nguvu peke yake. Tunashauri mtumiaji atazame zaidi ule wa ubora, kwa kuwa ndio unaoeleza hali ya biti zinazofika. Asilimia zinazoonyeshwa hazilingani kati ya toleo moja la king'amuzi na jingine, hivyo si sahihi kulinganisha 70 ya kwako na 70 ya jirani mwenye king'amuzi tofauti. Linganisha king'amuzi chako na chenyewe: andika ubora wa kila masafa siku picha ikiwa njema, kisha uangalie tena siku ya matatizo.

Nguvu ikiwa juu na ubora ukiwa chini, busta haitasaidia. Busta hukuza kila inachokipokea, kelele pamoja na habari, na huongeza kelele kidogo ya kwake. Msimbo hauhitaji sauti kubwa. Unahitaji habari itofautike na kelele. Kifaa hicho kina kazi yake halali pale kebo inapokuwa ndefu, au antena moja inapolisha televisheni kadhaa, na hapo hufungwa juu karibu na antena, kabla mawimbi hayajapungukia njiani. Kinachofungwa nyuma ya televisheni hukuza mawimbi yaliyokwisha kuharibika.

Busta yaweza hata kuwa chanzo cha tatizo. Masafa ya kuanzia 790 hadi 862 MHz yalikuwa ya televisheni, na katika nchi nyingi sasa yamepewa mitandao ya simu. Antena na busta za zamani zilitengenezwa kuyapokea. Nyumba iliyo jirani na mnara wa simu hujikuta busta yake imejazwa mawimbi yasiyo yake, ikalemewa, na kuvuruga hata yale ya televisheni. Dalili yake ni matatizo kuanza bila mtu kugusa chochote nyumbani, mara nyingi baada ya mnara mpya kuwashwa. Tiba ni kuiondoa busta na kujaribu bila hiyo, au kufunga kichujio kinachozuia masafa ya simu.

Kabla ya kununua chochote tunashauri mtumiaji aanze na vitu vya bei ndogo. Kebo iliyounganishwa kwa kusokota nyaya na kuzungushia gundi ya umeme ibadilishwe. Kiungo cha nje kikaguliwe kama kina kutu au maji. Antena ya ndani chini ya paa la bati ihamishiwe nje, ielekezwe kwenye mnara, na vijiti vyake vilale au visimame kama vya jirani anayepata picha bila shida. Baada ya kila badiliko, mstari wa ubora utazamwe tena kwa dakika kadhaa.

Jambo jingine la kuchunguza ni chaneli zipi zinazoathirika. Chaneli zinazosafiri katika masafa mamoja zimefungwa pamoja na kulindwa na msimbo mmoja, hivyo tatizo la mawimbi huziangusha zote. Chaneli moja ikiganda peke yake huku wenzake wa masafa hayohayo wakiendelea salama, kasoro iko studioni au kwa mtoa huduma, na fundi wa mtaani hana cha kutengeneza juu ya paa lako.

Sehemu ya mtoa huduma

Kiwango cha ulinzi huchaguliwa mnarani, wala mtazamaji hawezi kukibadilisha. Katika fungu la biti 64,800, kiwango cha nusu huacha 32,400 za kubeba mzigo, na kiwango cha tano kwa sita huacha 54,000. Cha pili hubeba mzigo uliozidi kwa theluthi mbili, yaani chaneli nyingi zaidi kwa masafa yaleyale, lakini kwa ulinzi mwembamba zaidi. Kuongeza chaneli kwa njia hiyo kunaweza kuzitoa nje ya huduma nyumba za ukingoni zilizokuwa zikipata picha safi. Kwa maoni yetu, mteja anayelipa ada anastahili kuarifiwa mapema mabadiliko ya namna hiyo yanapofanywa, kama anavyoarifiwa bei inapopanda.

Simu ina nafuu ambayo televisheni haina: inaweza kuomba irudiwe. Mnara wa televisheni husema na maelfu kwa wakati mmoja na hausikii jibu. Simu hujaribu kusahihisha kwanza, na ikishindwa huuomba mnara urushe tena fungu hilo. Ndiyo sababu mahali penye mawimbi dhaifu intaneti hupungua kasi badala ya kukatika. Marudio hayo kati ya simu na mnara kwa kawaida hayakatwi kwenye bando, kwa sababu data hupimwa ndani zaidi ya mtandao wa kampuni. Yanayoombwa na programu zenyewe kutoka upande wa pili wa intaneti huweza kuhesabiwa.

Mtumiaji akikamilisha ukaguzi wa nyumbani na tatizo likaendelea, alalamike kwanza kwa mtoa huduma wake na kudai namba ya kumbukumbu ya lalamiko. Asiporidhika na jibu, au asipojibiwa, alete lalamiko hilo kwetu pamoja na namba hiyo. Aandike tarehe na saa, chaneli zilizoathirika na zilizobaki salama, na kama majirani wanaotumia mnara uleule wamepata tatizo hilo. Wengi hutuletea picha ya televisheni iliyoganda. Picha ya ile menyu yenye mistari miwili, iliyopigwa wakati tatizo likiendelea, hutusaidia zaidi.